Nenosiri la Wi-Fi limefika kibanda cha chipsi, tufanyeje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika chuo kidogo cha ufundi huku Nzuguni, Dodoma. Tuna wanafunzi 340 na wafanyakazi 41. Wi-Fi yetu ina nenosiri moja kwa wote. Tunalibadilisha kila mwezi na halimalizi siku tatu; mara ya mwisho nimelikuta limeandikwa kwa chaki kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti, chini ya bei ya mayai. Mhasibu aliyeacha kazi mwaka jana bado anaegesha gari karibu na ukuta na kutumia mtandao wetu. Kijana wa kampuni moja ametushauri tuweke "seva ya RADIUS" ili kila mtu awe na nenosiri lake. Mkuu wa chuo anauliza: hiyo seva ni mashine kubwa kiasi gani, umeme ukikatika inakuwaje, na je, itakuwa inaona kila kitu wanachofungua wafanyakazi? Naomba unieleze kwa namna ambayo na mimi nitaweza kumweleza yeye.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nimecheka kwa hiyo chaki, halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuunganisha simu kwa nenosiri la ofisi fulani nililolisoma kwenye kadibodi ya kinyozi. Jambo wanalolijua watu 381 halina tena haki ya kuitwa siri. Mnaweza kulibadilisha kila wiki mkitaka. Siku hiyohiyo mtalazimika kuwatangazia walewale 381, na mmoja wao anapenda chipsi.

Kijana wa kampuni hajakosea. Ila faida aliyowatajia, kila mtu kuwa na nenosiri lake, mimi ningeigeuza kidogo nikienda kwa mkuu: mtapata uwezo wa kumtoa mtu mmoja bila kuwasumbua waliobaki. Leo kumtoa yule mhasibu maana yake ni kugusa simu, kompyuta na printa zote za chuo, na ndiyo maana hadi sasa hajatolewa. Mkiwa na seva, kumtoa ni kufuta mstari mmoja kwenye orodha, kisha mnaendelea na chai.

Mkuu wako bila shaka ameshawahi kuitwa kwenye kikao Mtumba, Mji wa Serikali. Ukifika geti la wizara, mlinzi hajui kama una miadi, wala hana mamlaka ya kuamua. Anakuuliza jina na unakokwenda, ananyanyua simu, anaulizia ndani. Ndani wakisema "mruhusu, aende ghorofa ya pili", anafungua. Wakisema hawakujui, unarudi kwenye bajaji iliyokuleta. Mageti yanaweza kuwa matano na walinzi wakabadilishana zamu asubuhi na jioni, lakini orodha ya wageni iko mahali pamoja, na anayeisahihisha ni mtu mmoja.

Basi hapo nimeshamaliza nusu ya somo. Mgeni ni simu ya mwanafunzi. Mlinzi ni kile kisahani cheupe cha darini kinachorusha Wi-Fi, ambacho mafundi hukiita AP. Ofisi ya ndani ni hiyo seva. Mazungumzo ya mgeni na mlinzi yana utaratibu wake unaoitwa 802.1X, uliotolewa mwaka 2001 kwa ajili ya mitandao ya waya kabla ya kuchukuliwa na Wi-Fi. Simu anayopiga mlinzi kwenda ndani ndiyo RADIUS, na hiyo ni ya zamani zaidi: ilibuniwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston kule Marekani, wakati watu walipokuwa wakiingia mtandaoni kwa kupiga simu ya mezani kwa modemu. Ndiyo sababu herufi zake mpaka leo zinataja huduma ya kuwatambua wanaopiga simu kutoka mbali. Modemu zimeishia stoo, lakini swali la "huyu anayegonga ni nani?" halijazeeka.

Sasa tuone kinachotokea hewani. Simu inapofika, AP huifungulia kipenyo kimoja chembamba. Hapo yanapita maneno ya kujitambulisha tu. Hakuna anwani ya IP, hakuna WhatsApp, hakuna chochote. AP inauliza, "wewe nani?" Simu inajibu. AP inalichukua jibu, inalifunga ndani ya kifurushi cha RADIUS na kukituma kwenye seva kupitia mlango namba 1812. (Ukikutana na kifaa cha zamani kinachotaja 1645, usishtuke, ni kazi ileile kwa namba ya enzi zile.) Seva inarudisha maswali yake, AP inayafikisha kwa simu, majibu yanarudi, hivyo hivyo mara kadhaa mpaka seva iseme neno la mwisho: ruhusu au kataa. Yote yanaisha kabla mwenye simu hajairudisha mfukoni.

Neno "ruhusu" haliji mikono mitupu. Kwanza linaweza kubeba maelekezo: huyu ni mwanafunzi, mwingize mtandao mdogo namba 20, huyu ni wa ofisi ya fedha, mpeleke namba 10 iliko kompyuta ya ada. Ndiyo ile "aende ghorofa ya pili". Mitandao midogo hiyo ndiyo mafundi wanayoiita VLAN. Hewani linaonekana jina moja tu la Wi-Fi, lakini ndani mwanafunzi na mhasibu hawapishani kwenye korido moja. Kwa chuo ambacho mfumo wa ada na simu za vijana 340 viko kwenye mtandao mmoja, mimi ningekubali kusumbuka kwa ajili ya hili peke yake.

Pili, linabeba ufunguo. Kwenye Wi-Fi yenu ya sasa, kama ni WPA2, ufunguo wa kila simu hukokotolewa kutokana na nenosiri lilelile la wote pamoja na namba zinazorushwa waziwazi wakati simu inaunganishwa. Mwanafunzi mdadisi anayelijua nenosiri, akiunasa muda huo wa kuunganishwa, anaweza kuyafungua mawasiliano ya hewani ya jirani yake. Tovuti nyingi siku hizi zina kinga yao wenyewe, kwa hiyo si kwamba anasoma kila kitu, lakini si jambo la kulichekea. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, iliziba tundu hilo. Hata hivyo ukiitumia kwa nenosiri moja la wote, mhasibu wenu ataendelea kuegesha gari palepale. Kwa njia ya seva, simu na seva hupatana ufunguo wao wawili, seva inaipa AP nakala yake, na jirani hana pa kuanzia.

Hapa unaweza kuniuliza: kama majibu yote yanapitia kwa mlinzi, mlinzi si atalisikia nenosiri? Asingelisikia, na hapa ndipo penye utamu wa utaratibu huu. Simu na seva kwanza hutengeneza bahasha iliyofungwa kwa njia ya TLS, kinga ileile inayolinda tovuti za benki. Nenosiri husafiri ndani ya bahasha. Mlinzi anaipokea, anaipeleka, hajui kilichomo. Aina mbili za bahasha mtakazotajiwa sana ni PEAP na TTLS. Ipo ya tatu, EAP-TLS, ambayo haina nenosiri kabisa: kila kifaa kinapewa cheti chake cha kidijitali, na kukifuta cheti ni kumfungia nje mwenye kifaa.

Sasa mwalimu, kaa vizuri, kwa sababu sehemu inayofuata ndiyo inayorukwa na wafungaji wengi. Wakiirudia kuiruka kwenu, heri mngebaki na chaki.

Mgeni anajuaje kwamba yule aliyesimama getini ni mlinzi kweli? Mtu yeyote anaweza kuvaa sare. Kwenye Wi-Fi sare ni jina la mtandao tu, na jina halina mwenyewe. Kijana mwenye laptopu na antena ya bei ndogo anaweza kukaa kwenye kibanda cha chipsi, akarusha Wi-Fi yenye jina lilelile la chuo chenu, akaweka na seva yake ya bandia nyuma yake. Simu za wanafunzi zitamfuata zenyewe, kwa sababu simu hupenda palipo na nguvu. Kitu pekee kinachoweza kuiambia simu "hapana, huyu siye" ni cheti cha seva. Simu inatakiwa ikikague: je, kimesainiwa na yule tunayemwamini, na je, jina lililoandikwa humo ni la seva ya chuo?

Kwa miaka mingi simu za Android zilikuwa na chaguo la kutothibitisha cheti, na mafundi wetu walilipenda mno, kwa kuwa ukilichagua kila kitu "kinakubali". Google walianza kuliondoa mwishoni mwa mwaka 2020 kwenye Android 11. Malalamiko yalikuwa mengi, ila waliokuwa wakilalamika walikuwa wamewaachia watu wao geti bila mlango. Mwaka 2012 wataalamu wawili, Moxie Marlinspike na David Hulton, walionyesha hadharani kwamba mazungumzo ya MSCHAPv2, yaani yale yanayowekwa ndani ya bahasha ya PEAP, yakinaswa yanaweza kuvunjwa kwa kutafuta ufunguo mmoja tu wa DES, usimbaji wa kizamani, wenye biti 56, na mashine waliyoiandaa ilikuwa ikiimaliza kazi hiyo ndani ya siku moja. Haijalishi nenosiri ni refu au fupi. Kwa hiyo simu isiyokagua cheti inamkabidhi tapeli nenosiri, anachosubiri ni kukuche. Na ukitumia TTLS yenye nenosiri lisilofichwa ndani yake, hata kukucha hasubiri.

Utashangaa basi kwamba kwa wanafunzi wako ningechagua TTLS. Sababu iko upande wa seva. PEAP ya kawaida inailazimisha seva ihifadhi manenosiri yenyewe, au alama zake za mtindo wa kizamani ambazo mwizi wa faili atazivunja bila jasho. TTLS inakubali yahifadhiwe kwa njia ngumu kama bcrypt. Windows inaielewa tangu toleo la 8, Android na iPhone pia. Sharti langu ni moja: hakuna simu inayounganishwa bila kufundishwa cheti. Mkiona sharti hilo hamtaliweza, msiingie TTLS. Wafanyakazi 41 ni wachache, hao wapeni EAP-TLS. Ni kazi ya siku mbili kuzungukia kompyuta na simu zao, na hapo hakuna nenosiri la kumnong'oneza mtu.

Cheti mtakitoa wapi? Kijana wa kampuni huenda akasema tumieni cha bure kama cha tovuti. Mimi ningemkatalia kwa adabu. Vyeti vya umma umri wake unazidi kufupishwa: wasimamizi wake walikubaliana mwaka 2025 kuushusha kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029, na kila kinapobadilishwa, baadhi ya simu zitauliza upya kama mnaiamini seva. Tena simu ikiambiwa imwamini mtoa vyeti wa umma bila kuambiwa jina la seva, yeyote mwenye cheti cha mtoa vyeti huyohuyo anapita. Tengenezeni cheti mama chenu wenyewe, cha miaka kumi, ufunguo wake muuweke kwenye flashi mbili: moja kabati la mkuu, nyingine kwako. Hicho ndicho kitakachosaini cheti cha seva cha miaka miwili. Simu zikishafundishwa cheti mama pamoja na jina la seva, mnaweza kubadilisha cheti cha seva bila mwanafunzi yeyote kujua.

Na tarehe ya kuisha muiandike ukutani. Nasema hivi kwa aibu. Chuo kimoja nilichokuwa nakihudumia, cheti nilichokiweka mwenyewe kiliisha Jumatatu ya wiki ya mitihani, mimi nikiwa kwenye basi karibu na Gairo. Simu zilifanya kazi yake sawasawa, zilikataa. Watu wakasema mtandao umeharibika, kumbe ndiyo siku pekee uliyofuata sheria.

Kuwafundisha vijana 340 kunatisha ukikufikiria kwa jumla, lakini chagua siku ambayo wako kwenye foleni hata hivyo. Wiki ya usajili, wakiwa na risiti za ada mikononi, weka meza moja na wasaidizi watatu. Kila mmoja anapewa faili la mipangilio la simu yake: iPhone inalipokea kama wasifu, Windows kwa faili lake, Android nyingi mtaweka cheti mama na jina la seva kwa mkono. Dakika nne kwa mtu. Simu chakavu sana zitakuwepo, zenye Android ya zamani isiyo na sehemu ya kuandika jina la seva. Hizo zisiingie huku. Zipelekwe mtandao wa wageni, nitaueleza.

Turudi kwa mkuu na bei. Seva hii haihitaji ubavu. Kumjibu mtu "ruhusu" au "kataa" ni kazi nyepesi. Kompyuta ya mezani iliyoachwa stoo, yenye RAM ya GB 4 na diski nzima, inawatosha watu 381 na kubaki na usingizi. Programu yenyewe, FreeRADIUS, ni huria na ya bure, ilianza mwaka 1999 na inatumika na vyuo vikuu na kampuni za simu duniani kote. Kama ruta yenu ni MikroTik yenye RouterOS 7, ndani yake unaweza kuongeza User Manager inayofanya kazi hiyohiyo, japo mimi hupendelea kompyuta ya pembeni kwa sababu kumbukumbu zake ni rahisi kusoma pakiharibika. AP zenu nazo zikaguliwe: kwenye menyu ya usalama patafutwe palipoandikwa WPA2 Enterprise au WPA3 Enterprise. Hata ruta nyingi za bei ndogo zinayo. Kati ya kila AP na seva kuna neno la siri lao; liwe refu, la herufi zisizo na mpangilio, na kila AP na lake. Nimekuta vyuo vimeweka "12345678" hapo, eti kwa kuwa halionekani na wanafunzi.

Msiiweke seva kwenye wingu la kukodi nje. Fundi akichimba barabara akakata faiba, mtapoteza intaneti, sawa. Lakini na printa ya ofisi na mfumo wa mitihani ulio humo humo chuoni havitafikika, kwa sababu hakuna wa kumwambia mlinzi afungue. Seva ikae chuoni. Na ikiwezekana ziwe mbili: AP hukubali kuandikiwa ya kwanza na ya akiba, na ya pili inaweza kuwa kompyuta nyingine ya stoo.

Umeme sasa. Ukikatika na seva ikazima, aliyekwisha kuingia kwenye AP ambayo bado ina umeme anaendelea mpaka muda wake wa kuthibitishwa upya ufike. Anayekuja mpya habahatiki. Kwa hiyo seva, swichi inayolisha AP, na ruta viwe kwenye UPS moja. Hilo kila fundi atakuambia. Yapo mawili ambayo hawatakuambia.

La kwanza ni mizimu. Seva hutunza hesabu: fulani ameingia saa 2:10, ametoka saa 4:35. Taarifa ya "ametoka" huletwa na AP. AP ikifa ghafla umeme ulipokatika, haimuagi mtu, na seva inabaki inaamini kwamba wote bado wamo ndani. Kama mmeweka kikomo cha vifaa viwili kwa mtu, na ningewashauri mkiweke, umeme ukirudi mwanafunzi anaambiwa tayari yumo mara mbili. Atakujia amekasirika, na akaunti yake ukiitazama inaonekana kweli inatumika. Hiyo ni mizimu. Dawa yake: AP inapowaka itume ujumbe wa "nimeanza upya", ambao huisafishia hesabu zake za nyuma, na seva yenyewe iwe na kazi ndogo ya kufunga kikao chochote ambacho hakijaleta taarifa kwa muda, tuseme dakika 30. Taarifa za katikati nazo ziwashwe, kila dakika kumi zinatosha. Bila hizo, seva haiwezi kutofautisha aliyekaa kimya na aliyekwisha kwenda zake Majengo sokoni.

La pili ni saa. Niliwahi kupanda ngazi asubuhi nzima nikikagua AP za ofisi moja kwa sababu wafanyakazi wote wenye vyeti walikuwa wanakataliwa baada ya umeme kurudi, na wageni wenye manenosiri wanaingia bila shida. Saa sita mchana, nimechoka, ndipo nikasoma kumbukumbu za seva kwa makini: seva ilikuwa ikidai vyeti vya watu bado havijaanza kutumika. Ile betri ndogo ya sarafu kwenye ubao wa kompyuta ilikuwa imekufa, kompyuta imeamka ikiamini ni miaka mingi nyuma, na kwa mwaka huo vyeti vyao vilikuwa havijazaliwa. Betri ya CR2032 ni bei ya soda chache. Ibadilishe kabla hujaiondoa mashine stoo, kisha iambie seva isawazishe saa yake na ruta kila inapowaka.

Swali la tatu la mkuu ndilo naliheshimu zaidi, kwa kuwa wengi hawaliulizi. Seva ya RADIUS haioni kurasa mnazofungua. Inajua jina la akaunti, namba ya kifaa, AP aliyotumia, saa ya kuingia na kutoka, na ukubwa wa data. Inayoweza kuona majina ya tovuti ni ruta au kinga ya mtandao, na hiyo mnayo hata leo. Lakini kuna kitu kinabadilika na mkuu anapaswa kukijua: leo ruta inaona simu fulani imefungua kitu, kesho, ukizioanisha kumbukumbu mbili, unapata jina la mtu. Na hata kumbukumbu za RADIUS peke yake zinasema mwalimu fulani alikuwa jengo gani saa ngapi. Hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawahusu hata nyinyi: mjisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, muwaambie watu mnachokusanya na sababu yake, msikitunze kuliko inavyohitajika. Ningeandika ukurasa mmoja, wasaini wakati wa kupewa akaunti, na kumbukumbu za zaidi ya miezi michache zijifute zenyewe. Mkuu asije akazifanya daftari la mahudhurio. Simu iliyosahaulika mezani huhudhuria kazini bila mwenyewe.

Wageni, printa na simu chakavu niliahidi. Printa nyingi na televisheni haziwezi mazungumzo haya ya bahasha. Zipewe mtandao wao wenye nenosiri linalojulikana kwako tu, usiotoka kwenda popote pasipo lazima. Msizitambue kwa namba ya kifaa mkadhani ni ulinzi, namba hiyo hughushiwa kwa dakika moja. Kwa simu za watu ndiyo hovyo zaidi: tangu Android 10 na iOS 14 simu hubuni namba tofauti kwa kila mtandao. Kwa wageni wekeni ukurasa wa vocha kama wa gesti, wa saa nne au siku. Vocha nazo huulizwa kwenye seva ileile ya RADIUS, ila fahamuni kwamba mtandao wa namna hiyo kwa kawaida uko wazi hewani, hauna usimbaji.

Hapo kwenye vocha kuna jambo la mwaka 2024. Watafiti walionyesha shambulio walilolipa jina Blast-RADIUS, ambapo mtu aliyeko katikati ya AP na seva anaweza kuligeuza "kataa" likawa "ruhusu", kwa kuwa RADIUS bado inategemea hesabu ya zamani ya MD5. Njia za bahasha nilizozisema hazikuathirika, kwa vile zenyewe hudai muhuri wa ziada katika kila ujumbe. Za vocha na za namba ya kifaa ndizo zilizoathirika. Sasisheni FreeRADIUS na programu za AP, washeni sharti la muhuri huo, unaoitwa Message-Authenticator, na mazungumzo ya AP na seva yapite kwenye VLAN yake ambayo mwanafunzi haigusi.

Siku mkikua, seva hiihii ndiyo inayofungua mlango wa eduroam, mpango ulioanzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000: mwanafunzi wa chuo kimoja anafika chuo cha nchi nyingine, anaandika akaunti yake ya nyumbani, na seva ya wenyeji inasoma kilicho baada ya alama ya @ na kulipeleka ombi kwao. Bahasha inavuka mipaka bila kufunguliwa. Waulizeni TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa hapa nchini. Lakini hilo si la muhula huu.

La muhula huu ni kuhama. Anza na wafanyakazi wa ofisi ya fedha, wiki mbili, ujifunzie makosa kwa watu wachache. Kisha wafanyakazi wengine, kisha wanafunzi kwenye usajili. Mtandao mpya uwe na jina jipya kabisa, maana simu zilizokariri jina la zamani pamoja na nenosiri lake zitakuletea vurugu ukilitumia tena. Na ule wa zamani usiuache "kwa muda" ukidhani watu watahama kwa hiari. Nimeona "kwa muda" wa miaka mitatu. Tangaza tarehe, halafu uuzime Ijumaa jioni, siyo Jumatatu asubuhi, ili Jumamosi uwe na nafasi ya kuwahudumia waliodhani unatania. Mwenye chipsi naye mwambie mapema, apate nafasi ya kuandika bei ya kitu kingine hapo.